Makocha mliowahi kulambwa nyekundu, mkikutana na refa mtaani mnafanyaje?

Mwalimu_wa_Shamba

Asalaam alaykum wanabarza. Nna suali na naomba msinicheke, au chekeni lakini mwisho mnijibu. Mie nafundisha timu ya vijana huku Pemba, upande wa kaskazini, watoto wa miaka 15 mpaka 17, sina leseni kubwa, nna ile ya mwanzo tu na mapenzi ya mpira. Wiki tatu nyuma nimelimwa kadi nyekundu, mie kocha si mchezaji, nikafungiwa mechi tatu na faini elfu hamsini juu yake, na tokea siku ile yule refa simtaki, yaani nikisikia vespa yake tu inapita moyo unanienda mbio kama mie ndo nadaiwa.

Ilikuwa hivi. Dakika za mwisho, tunaongoza moja bila. Viwanja vyetu vya shamba mnavijua, upande mmoja kilima upande mmoja unateremka, na kando ya njia watu wameanika karafuu kwenye majamvi, kila mpira ukitoka kuna bibi mmoja anapiga kelele karafuu zangu hizo enyi watoto. Ikapigwa krosi, mpira ukamgonga beki wangu hapa begani, nasema begani, kila mtu kaona bega mpaka yule bibi wa karafuu kaona bega, refa akanyoosha mkono kwenye penalti. Nikatoka mpaka kwenye mstari nikamwambia refa umelala, akaja na njano. Nikampigia makofi, yale ya taratibu, pa, pa, pa. Halafu palikuwa na chupa ya maji mbele ya mguu wangu, wallahi sijui hata nilivyoipiga, ila iliruka ikaenda kuanguka kwa mshika kibendera na kifuniko kilikuwa hakijakazwa, soksi yote ya kulia ikarowa. Nyekundu.

Sasa kadi yenyewe nimeikubali, nilikuwa na hasira. Kilichoniuma ni vyengine. Kwanza kiwanja hakina jukwaa wala chumba, ukitolewa unazunguka nyuma ya goli mguu kwa mguu, watu wote wanakutazama, mpaka ukakae chini ya mwembe kule mwisho, na nyuma ya goli alikuwepo mwanangu mdogo anaokota mipira, akanitazama halafu akaangalia chini. Penalti ikaingia, moja moja. Pili barua ya adhabu, imekuja imeandikwa ripoti ya refa inasema kocha alimtolea maneno ya kashfa. Mie sikutukana mtu, kwa mama wala kwa baba.

Suali langu, nyie mliowahi kufungiwa, mnawaonaje marefa baada ya hapo? Inapita yenyewe ikiachwa au mtu anabaki nayo? Maana kisiwa chenyewe ndo hichi, Ijumaa tunasali naye msikiti mmoja, kaoa mtaa wa pili na kwetu, maziwa tunanunua kwa mtu mmoja. Nikimsalimia naona kama najipendekeza ili mechi nyengine anihurumie, nisipomsalimia ndo nimekata salamu na Muislamu mwenzangu kwa ajili ya penalti.

---

PopobawaFC

pole mwalimu ila hio chupa ilikwenda mita ngapi? na unasema watoto wako hawajui kupiga krosi 😂😂

---

Kipenga_Mstaafu

Wa alaykum salaam mwalimu. Mie nimechezesha miaka 19, Pemba na Unguja, nimeacha kwa sababu ya goti, si kwa sababu ya makocha, ingawa makocha nao walisaidia. Nitakujibu lakini usinikasirikie na mie.

Zamani kocha alikuwa haoneshwi kadi. Refa anakwenda pale anamwambia toka, basi, watu waliopo nje hawajui kimetokea nini, wengine wanadhani wanaulizana hali. Kadi kwa watu wa benchi zimeingia kwenye sheria Juni 2019, na pale ndo wakaorodhesha kosa moja moja ili refa asiwe anatumia kichwa chake. Sheria ya 12, isome. Kupinga maamuzi kwa maneno, njano. Makofi ya kejeli, njano, yameandikwa makofi kabisa, wala usidhani wewe ndo uliyeyabuni. Kurusha au kupiga teke chupa ya maji kwa hasira, nayo imo, chupa imetajwa chupa. Sasa hebu tupige hesabu pamoja, "umelala" njano ya kwanza, makofi njano ya pili, hapo ulikuwa ushatoka mwalimu, ulitakiwa uwe njiani unaelekea kwenye mwembe kabla mguu wako haujaigusa hio chupa. Huyo refa unayemchukia alikusamehe makofi. Huenda hata hukujua kuwa ulisamehewa.

Na lengine, ikitokea jambo benchi na refa hakumtambua aliyelifanya, kadi anapewa kocha mkuu aliyepo. Kwa hio hata ingelikuwa mtunza vifaa ndo kaipiga ile chupa ukaja ukakana, ingekurudia wewe wewe.

Kuhusu ripoti. Refa haandiki "maneno ya kashfa" akaachia hapo. Anatakiwa aandike neno lenyewe kama lilivyotamkwa, hata likiwa chafu kiasi gani, mie nimeshawahi kuandika maneno kwenye ripoti mkono unatetemeka kwa haya. Basi omba uioneshwe uisome, halafu urudi hapa utwambie ulisema nini baada ya chupa, kwa sababu katika hadithi yako baina ya chupa na mwembe naona pana kimya.

Mwisho nikwambie na upande wetu. Refa wa shamba anatoka nyumbani saa nane mchana na baiskeli, posho ikipatikana alhamdulillah, isipopatikana keshokutwa, anachezesha dakika tisini juani, na ikimalizika anajifanya anaandika andika pale kati ili watu wapungue ndo atoke. Kuna siku mie nilipita nyuma ya skuli, nimevua jezi nimeitia kwenye kikapu cha ukili, juu yake nikapanga ndizi mkono wa tele nilizonunua hapo hapo ili nionekane natoka sokoni. Nimefika nyumbani mke wangu ananiuliza umeona wapi ndizi rahisi hizi, sikuweza hata kumjibu.

---

JawsCornerKahawa

Mzee wa kipenga umeua na ndizi 🤣

Mwalimu usijione peke yako, mbona wakubwa ndo mabingwa wa haya mambo. Mourinho 2023, akiwa kocha wa Roma, fainali ya Europa League Budapest, Roma na Sevilla, kafungwa kwa matuta, hakuridhika kumsema refa kwenye kiwanja, akaenda kumsubiri Anthony Taylor huko chini maegesho ya magari, anamtukana mtu akiwa anapanda gari lake. UEFA, wakuu wa mpira wa Ulaya, wakamfungia mechi nne. Na huyo Taylor na familia yake wakazongwa na mashabiki uwanja wa ndege, viti vinarushwa. Klopp mwaka huo huo, Liverpool wamefunga goli la ushindi la dakika za mwisho na Tottenham, nne tatu, badala ya kushangilia na watu wake kamkimbilia refa wa akiba kumshangilia usoni, msuli wa paja ukamvutika pale pale, anarudi benchi anachechemea. Adhabu ya Mungu ikaja kabla ya adhabu ya FA, chama cha mpira cha England.

Ila mie mfano wangu mkubwa ni wa hapa kwetu, Adel Amrouche. AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ile ya Ivory Coast, Januari 2024, kocha wa Taifa Stars anasema kwenye televisheni kuwa Morocco wana nguvu ndani ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wanajipangia muda wa mechi na marefa. Morocco wakashitaki, Amrouche akafungiwa mechi nane na faini dola elfu kumi, na TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, wakamsimamisha. Na timu akapewa nani? Hemed Suleiman, mtoto wa Zanzibar, jina lake la utani Morocco. Yaani kagombana na Morocco akapokonywa timu akapewa Morocco. Siku ile hapa barzani kahawa zilimwagika kwa kicheko.

Sasa fikiria, yule bwana hakugusa chupa wala hakulowesha soksi ya mtu, kasema tu kilichokuwa moyoni mwake kuhusu marefa, kazi ikaenda.

---

KochaMsaidizi_Ngambo

Mie nitakuwa mbishi kidogo. Kila siku kocha kafungiwa, kocha katozwa, lakini refa akiboronga adhabu yake iko wapi? Anapumzishwa kimya kimya, wiki mbili unamuona tena yupo kiwanja chengine. Kocha anatajwa kwenye barua, barua inapigwa picha, inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka kwa wakwe. Hapo ndo panapozaa chuki, si kadi. Mie nilifungiwa mechi mbili nikiwa daraja la chini huku mjini, na mpaka leo naamini nilionewa, kosa lilikuwa la kocha mkuu akajificha nyuma yangu. Halafu mnaniambia niwaheshimu.

Na msinambie refa ni binaadamu. AFCON iliyochezwa Januari 2022, Tunisia na Mali, refa kapuliza mpira umekwisha dakika ya 85! Akarudisha, akapuliza tena kabla ya 90 haijatimia! Kocha wa Tunisia anamuonesha saa, yeye ndo anaonekana mkorofi.

---

Kipenga_Mstaafu

Na wewe maliza hadithi basi. Yule refa ni Janny Sikazwe wa Zambia, na ilikuwa joto limempanda, alipotoka pale alikimbizwa hospitali, mwenyewe akaja kusema angeweza kufa. Mpira ulichezwa mchana Limbe, Kameruni, wachezaji wanapumzishwa wanywe maji, makocha wamesimama kwenye kivuli cha benchi, refa anakimbia. Watu wamecheka mwaka mzima, video mpaka leo inapita.

Ila la barua uko sawa. Mie nikiwa kazini niliwahi kusimamishwa mwezi mzima kwa goli la kuotea nililolikubali, na hakuna aliyeandikiwa. Kwa upande wangu ilikuwa stara, kwa upande wa kocha yule aliyefungwa ilikuwa ni dhulma, hakujua kama nimeadhibiwa, kila akiniona alikuwa anatema mate pembeni. Miaka mitatu. Ningelikuwa na ruhusa ningemwambia.

---

Mwalimu_wa_Shamba

Haya nimerudi. Nimekwenda kuomba ripoti, nimeoneshwa.

Mzee Kipenga umenipiga mie. Neno limeandikwa. Nilikuwa nimelisahau, au tuseme nilijisahaulisha. Baada ya nyekundu wakati naondoka nilimwambia "ushakula wewe, ushakula." Mara mbili. Limeandikwa vile vile na mara mbili imetajwa, kwenye mabano.

Sasa mie kwa akili yangu lile si tusi, barzani tunaambiana kila siku, mtu akicheza dhumna vibaya unamwambia ushakula. Sikuwa na maana kuwa kweli kapewa hela. Nani ampe hela, mechi yenyewe ya watoto, zawadi yake mpira mmoja na jezi seti.

---

Kipenga_Mstaafu

Ndo hapo mwalimu. Mama yangu ukimtukana nitakasirika siku mbili, mama yangu keshafariki na watu wanamjua alivyokuwa. Ukisema nimekula, mbele ya watu mia mbili wa mtaa niliooa na ninaokopa dukani, hilo sitolifuta. Nikinunua bati la kuezekea wiki inayofuata watu watasema zile za penalti hizo. Kuna refa mwenzangu alichelewa kununua pikipiki mwaka mzima, pesa anayo, kwa sababu alikuwa kachezesha fainali na maneno yalikuwa bado ya moto.

Na hapo kiwanjani huenda alikuwepo mkwe wake, si umesema kaoa mtaa wa pili.

---

Mwalimu_wa_Shamba

Alikuwepo. Mzee mwenyewe ndo mwenye mwembe.

---

PopobawaFC

YAANI ULIKWENDA KUKAA CHINI YA MWEMBE WA MKWE WA REFA 😭😭😭

---

Bi_Benchi

Nimesoma yote nimecheka nimemaliza, sasa niseme na mie maana naona wanaume mmejaa humu.

Nafundisha timu ya wasichana Unguja, mwaka wa sita huu. Njano yangu ya kwanza nilipewa kwa kutoka nje ya eneo la ufundi, pale kocha anaporuhusiwa kusimama, eneo lenyewe wamelichora kwa majivu, upepo ukapiga likafutika, nikawa sijui naishia wapi. Kocha wa wenzetu mwanamme, anatembea mpaka kwenye kibendera cha kona anafundisha kule, hakuambiwa kitu. Nikamuuliza refa mbona yule, akanambia mama rudi kwako. Mama! Mie nna miaka 31 na refa ana mvi.

Basi baada ya pale nikaingiwa na ugonjwa, kila firimbi naisikia kama inapigiwa mie. Mechi ya pili na refa huyo huyo tukafungwa tatu, nikarudi nyumbani nikamuhadithia mume wangu tumeonewa tumeonewa mpaka wali ukapoa, akanambia umehesabu? Nikamwambia sihitaji kuhesabu mie nna macho. Mechi iliyofuata nikampa msichana mmoja aliyeumia kifundo, yuko benchi hana kazi, daftari na penseli, andika kila faulo inayopigwa, yetu na yao. Refa yule yule. Mwisho wa mechi ananiletea daftari, zetu 14, zao 11. Yaani sisi ndo tuliopewa nyingi zaidi, na mie dakika zote tisini nilikuwa nasimama nakaa nasimama nakaa naona tunachinjwa.

Sikumpenda yule refa kwa sababu ya daftari, tusidanganyane, lile la mama rudi kwako mpaka leo lipo hapa kooni na sidhani kama litashuka. Lakini daftari naliendeleza, kila mechi. Na kuna mechi mbili limeonesha kweli tulionewa, nikaenda nalo kwa kamisaa wa mchezo kwa adabu, alilitazama tu, ila alilitazama.

Mwalimu wewe kuhusu kijana wako aliyeangalia chini, hujasema umezungumza naye nini. Mie hilo ndo lililonikaa kuliko refa.

---

KochaMsaidizi_Ngambo

Bi Benchi hilo daftari naliiba leo leo. Ila mwalimu msimamo wangu ni ule ule, lipa faini, tumikia mechi zako, salamu msalimie kwa sababu ni sunna, zaidi ya hapo humdai hakudai. Si lazima umpende. Refa anayetaka kupendwa na makocha akatafute kazi nyengine.

---

JawsCornerKahawa

Na akimsalimia asimuulizie bati

---

Mwalimu_wa_Shamba

Jamani nilisema nitaleta mrejesho. Mechi tatu nimezimaliza, zote nimeangalia kutoka nje, na nikwambieni kufungiwa ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Ya kwanza nilimpigia simu msaidizi wangu kila dakika tano, Mzee Kipenga usinambie, najua hairuhusiwi, ukishatolewa umetolewa, ya pili simu niliiacha nyumbani. Unakaa na watazamaji, unasikia wanavyokusema wewe mwenyewe bila ya kujua upo nyuma yao. Kuna bwana mmoja kasema afadhali yule kocha kafungiwa, watoto leo wanacheza bila ya kupigiwa kelele. Tulishinda mbili bila. Niliondoka kabla hajageuka.

Bi Benchi, mtoto nilizungumza naye. Nilimuuliza siku ile kwa nini uliangalia chini, nikidhani atasema aliona haya kwa ajili yangu. Akanambia alikuwa anaitafuta chupa, maana ndo chupa yake ya skuli niliyoipiga teke. Nikakosa la kumwambia. Nimemnunulia nyengine.

Sasa lile la refa. Sikulitafuta, limenijia. Jumamosi harusi ya jirani, mnazijua harusi zetu, wanaume tumeketi kwenye majamvi, masinia yanapita, mtu unaketishwa pale penye nafasi, nimeshakaa watu watatu tunamsubiri wa nne, nainua uso, yeye. Kanzu nyeupe, kofia, bila firimbi hata sura yake naiona nyengine. Hakuna pa kukimbilia, sinia limeshatiwa kati. Akatoa salamu, tukajibu wote, mie sauti yangu niliisikia imetoka nyembamba. Tukanawa. Pilau ya ng'ombe, juu yake kuku mmoja mzima amegawiwa vipande.

Wale wengine wawili hawajui kitu, wageni wa Chake, wanazungumza bei ya karafuu. Sisi tunakula kimya, kila mtu upande wake wa sinia, mpaka tukafika pale kati ambapo mikono inakutana. Paja lilikuwa upande wake. Akalichambua, kipande kikubwa akakisogeza upande wangu kwa kidole, hakunitazama, anamsikiliza yule wa Chake. Na mie nikakiangalia kile kipande kama dakika nzima hivi. Nikala.

Tulipokuwa tunanawa nikamwambia, sheikh, lile neno langu la siku ile mie sikulikusudia kama lilivyofika. Akasema ndio mwalimu. Nikamwambia lakini lilikuwa bega. Akafuta mkono taratibu, akanambia mie nilikuwa hatua nane, wewe ulikuwa hatua arobaini, na jua ulikuwa nalo usoni. Nikamwambia bega. Akasema mkono. Yule mgeni wa Chake akauliza nani kaumia mkono.

Basi ndo tulivyoachana. Mkwe wake kanitumia salamu kuwa embe zikiwiva nikachukue.

Jumamosi narudi benchi na nimeangalia ratiba, anayechezesha ni yeye. Maji ya wachezaji nimesema safari hii yaje kwenye ndoo.

---

PopobawaFC

mwalimu ndoo nayo ina mpini